Uliza Tukujibu: Dhahabu nyekundu, laini ya nano na kichungi kisichoshika floridi

Tangu neno "nano" lianze kubandikwa kwenye dawa za viatu, vichungi vya maji na vioo vya simu, barua za kuliulizia hazikatiki. Safari hii tumechagua sita. Tumezipunguza urefu, lakini maswali tumeyaacha kama yalivyokuja.

Ndugu wahariri, mimi ni fundi simu, Kariakoo. Laini ndogo kabisa tunaiita nano. Kuna mteja kanibishia kwamba hiyo ndiyo nanoteknolojia yenyewe. Na wauza simu nao wanasema prosesa ni ya "nanomita 3". Nano ni ipi hapo?

Fundi, laini hiyo ina urefu wa milimita 12.3 na upana wa milimita 8.8. Milimita moja ni nanomita milioni moja, kwa hiyo umeshika kidoleni kitu chenye urefu wa nanomita milioni 12 na ushei. Walishatumia "mini", wakatumia "micro", wakaishiwa maneno ya udogo. Ni jina tu.

Ili vipimo vikukae kichwani: unywele wa mtu una unene wa nanomita 60,000 hadi 100,000, chembe nyekundu ya damu ina upana wa kama 7,000, kirusi cha UVIKO kama 100, na uzi wa DNA ni 2. Kucha yako hurefuka nanomita 1 hivi kila sekunde.

Kwenye prosesa mambo ni tofauti. Mle ndani kweli kuna matabaka yenye unene wa nanomita chache, na kazi ya kuyapanga ni nanoteknolojia hasa. Ila hiyo "nanomita 3" ni jina la kizazi cha chipu, si kipimo cha rula. Kutoka transista moja hadi ya jirani bado ni makumi ya nanomita. Mteja wako mpe nusu ya ushindi.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, Iringa. Vitabu vinasema nanoteknolojia ni kushughulika na vitu vya nanomita 1 hadi 100. Wanafunzi wananibana: kwa nini 100 na si 150? Na kama kinachotakiwa ni udogo tu, mbona masizi ya kibatari hayaitwi teknolojia?

Wanafunzi wako wanauliza vizuri, Mwalimu. Ile 100 ni makubaliano. Shirika la viwango la kimataifa, ISO, lenyewe linasema "takriban" nanomita 1 hadi 100. Hakuna kitu kinachokatika ghafla kwenye 101. Chini ya 1 unakuwa umeingia kwenye atomi za kuhesabu kwa vidole, maana atomi ya dhahabu ina upana wa nanomita 0.29 hivi, na hapo ni kemia ya kawaida. Kwa kuwa poda haiwi na chembe za saizi moja, Umoja wa Ulaya uliamua kuhesabu: ikiwa nusu au zaidi ya chembe, kwa idadi, zina walau upande mmoja ulio kati ya 1 na 100, hiyo ni nano. Upande mmoja unatosha. Karatasi ya kaboni yenye unene wa atomi moja inahesabiwa hata ikiwa na upana wa meza.

Lakini udogo ni nusu ya maana. Nusu ya pili ni kwamba tabia ya kitu ibadilike kwa sababu ya ukubwa wake, bila kuigusa kemia yake, na mtu awe ameudhibiti ukubwa huo kwa makusudi. Masizi ya kibatari yana chembe za nano tele, ila hakuna aliyezipima wala kuzipanga. Hiyo ni nano isiyo na teknolojia.

Mabadiliko yana vyanzo viwili. Cha kwanza ni uso, na darasani utahitaji sabuni ya mche na kisu. Kata mchemraba wa sentimita 1. Nyuso zake sita zina jumla ya sentimita za mraba 6. Ukiukata wote kuwa vijichemraba vya milimita 1 utapata 1,000, na uso wa jumla unakuwa 60. Endelea kichwani, maana kisu hakifiki huko: ukifika vijichemraba vya nanomita 1, uso unakuwa mita za mraba 6,000, karibu uwanja mzima wa mpira, na sabuni ni ileile. Kwa kuwa kuungua, kutu, kuyeyuka na kugandana huanzia usoni, kitu chenye uso mwingi kina haraka ya kila kitu. Msumari haushiki moto wa kiberiti. Nyuzi nyembamba za chuma za kusugulia, zile zinazoshika kutu, zinashika moto. Poda ya chuma ya nano inaweza kuwaka yenyewe ikikutana na hewa.

Tena atomi za juu haziko sawa na za ndani. Ya ndani imezungukwa na wenzake pande zote. Ya juu ina upande mtupu, kwa hiyo haijatulia na inatafuta wa kushikana naye. Katika kipande cha kawaida, za juu ni wachache wasio na kura. Katika kichembe cha dhahabu cha atomi 55, zilizo nje ni 42. Hapo waliokuwa wachache ndio wanaotawala.

Chanzo cha pili ni elektroni kubanwa. Elektroni ikifungiwa mahali padogo hairuhusiwi kuwa na nishati yoyote ipendayo, ila viwango fulani tu, na chumba kikipungua viwango hivyo huachana zaidi. Ndiyo maana fuwele za kadimiamu selenidi zikiangaziwa hutoa rangi kulingana na saizi: za nanomita 2 hivi hung'aa kuelekea buluu, za 6 hung'aa nyekundu. Chupa zote zina kemikali ileile. Kazi hiyo ya nukta za kwanta, kama fuwele hizo zinavyoitwa, ndiyo iliyowapa Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2023, na baadhi ya televisheni zilizoko madukani zinaitumia kupata rangi.

Onyesho la bure: leta darasani jani bichi la gimbi. Mwagia maji, yataviringika kama shanga na kudondoka. Sasa lisugue kwa kidole sehemu moja, umwagie tena: pale uliposugua maji yanashika. Nta ya jani haijaondoka yote. Kilichoharibika ni vijinundu vyake vya nano vilivyokuwa vinalizuia tone lisigusane na jani.

Wahariri, mimi ni sonara, Mombasa. Nasikia dhahabu ikiwa ndogo sana inakuwa nyekundu. Kila siku napiga tupa na msasa, na vumbi langu ni la njano mpaka nafagia. Nani anasema uongo hapa?

Hakuna anayesema uongo, Bwana Sonara. Vumbi lako tu ni kubwa. Punje iliyotoka kwenye tupa, hata ile nyembamba usiyoiona moja moja, ina nanomita makumi ya maelfu. Na dhahabu ni laini mno: ukiendelea kuisaga, vipande vinabanana na kuungana tena. Kuna mahali pamoja tu ambapo ufundi wa nyundo unafika nano, nao ni jani la dhahabu la kupambia. Likipigwa vizuri unene wake hufika nanomita 100 hivi. Liinue mbele ya taa: kwa juu ni njano, lakini mwanga unaopenya una rangi ya kijani.

Dhahabu nyekundu haisagwi, inajengwa kutoka chini, atomi kwa atomi. Michael Faraday aliichunguza mwaka 1857, na njia inayotumika zaidi leo maabara ni ile ya Turkevich ya mwaka 1951. Chukua mililita 20 za maji yaliyotakaswa kabisa, yenye miligramu 8 hivi za chumvi ya dhahabu, ile asidi ya kloroauriki inayopatikana dhahabu ikiyeyushwa kwa mchanganyiko wa asidi za haidrokloriki na naitriki. Chemsha huku ukikoroga bila kuacha. Yakishatokota, mimina kwa mara moja mililita 2 za sodiamu sitreti ya asilimia 1. Rangi ya manjano hafifu inapotea, maji yanabaki bila rangi kabisa. Halafu yanaingia ukijivu wenye buluu, zambarau, na baada ya dakika kama 10 yanasimama kwenye wekundu wa divai. Hapo chembe zina nanomita 13 hivi. Sitreti ndiyo iliyozipokonya ayoni (atomi zenye chaji) chaji yake zikawa dhahabu, na ndiyo inayozivika chaji hasi ili zisukumane na zisigandane. Ukipunguza sitreti, chembe zinakuwa kubwa zaidi.

Yanayoharibika ni matatu, na karibu yote ni uchafu. Chombo kisichooshwa vizuri kina vijivumbi ambavyo dhahabu itaanza kujijenga juu yake, upate saizi mchanganyiko. Maji ya bomba yana chumvi. Na sitreti iliyomiminwa kidogo kidogo hufanya chembe zianze nyakati tofauti, ndogo na kubwa zikachanganyika. Ukitaka kuona kosa la chumvi kwa macho, tia punje chache za chumvi ya mezani kwenye ule wekundu. Utageuka buluu mara moja. Chaji zimezimwa, chembe zimekumbatiana, na ukizikoroga haziachani.

Kwa nini nyekundu? Elektroni huru za dhahabu hucheza na mwanga. Katika kichembe kidogo kiasi hiki zinayumba zote kwa pamoja, kama maji ndani ya ndoo inayobebwa kichwani, na mdundo wa kuyumba kwao unalingana na mwanga wa kijani, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 520 hivi. Kijani kinamezwa, wekundu unapita. Chembe zikikaribiana mdundo unashuka, unamezwa wekundu, unaona buluu. Warumi walilipata hili bila kulijua: kikombe cha Lycurgus cha karne ya 4, kilichoko makumbusho ya British Museum, ni kijani ukikiangalia kwa nje na chekundu ukiweka taa ndani, kwa sababu ya chembe za dhahabu na fedha katika kioo chake.

Kingine cha kukuhusu: dhahabu unayoiyeyusha kwa nyuzi 1,064, kichembe chake cha nanomita 2 au 3 huyeyuka mamia ya nyuzi chini ya hapo. Fedha nayo huyeyuka kwa 962, lakini wino wa chembe zake za nano huungana kuwa waya kwenye nyuzi 150 hadi 200, ndiyo maana unaweza kuchapwa juu ya plastiki inayostahimili joto hilo. Na usiseme tena dhahabu haifanyi kitu: mwaka 1987 Masatake Haruta alionyesha kwamba chembe zake za nanomita chache huibadili kaboni monoksaidi kuwa kaboni dayoksaidi hata kwenye baridi iliyo chini ya sifuri.

Nawasalimu. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Kigoma. Akina mama huniuliza kama ule mstari mwekundu wa mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) ni damu ya mtoto. Na mstari ukiwa hafifu tunabishana. Tena bafa (kile kimiminika cha kudondoshea kwenye kipimo) ikiisha kuna wanaotumia maji safi. Naomba mwongozo.

Si damu, Dada, ni dhahabu. Ni ileile ya jibu la juu, safari hii ikiwa na saizi ya nanomita 20 hadi 40. (Baadhi ya vipimo vya aina hii hutumia chembe za plastiki zenye rangi, au za seleniamu, lakini dhahabu ndiyo ya kawaida.) Gramu moja inatoa chembe za nanomita 40 zaidi ya milioni milioni 1,000, kwa hiyo hakuna utajiri wa kukwangua kwenye kaseti zilizotumika.

Karibu na kitundu cha damu, ndani ya kaseti, kuna kipedi kilichokaushiwa chembe hizo zikiwa zimevishwa kingamwili zinazokamata HRP2, protini ya kimelea cha malaria aina ya falciparum. Bafa inaziamsha, zinatembea na damu kwenye ukanda mweupe ambao matundu yake ni makubwa mara mamia kuliko zenyewe. Penye T, mstari wa jibu, zimewekwa kingamwili nyingine zinazoikamata protini hiyohiyo. Kama ipo, inashikwa huku na huku, na dhahabu inarundikana mpaka jicho linaiona. Kichembe kimoja cha dhahabu humeza mwanga kwa kiasi cha mara laki moja hivi kuliko molekuli moja ya rangi ya kawaida, ndiyo maana kipimo hakihitaji mashine. Zilizosalia hukamatwa penye C, mstari wa kuhakiki kipimo chenyewe.

Kwa hiyo T hafifu ni T. Imeonyesha dhahabu chache, lakini dhahabu haisimami pale bila kushikwa. Andika chanya, mradi umesoma kwa wakati wake: dakika 15 au 20, kama karatasi ya mtengenezaji inavyosema. Ukisahau kaseti hadi ikakauka, unyevu unaorudi nyuma unaweza kuacha dhahabu mahali isipotakiwa, ukaona mstari ambao haukuwepo. C isipotokea, kipimo kimekufa, rudia na kaseti mpya. Na C ikitokea usifikiri imethibitisha kila kitu. Inasema maji yametembea na dhahabu ni nzima, haisemi kama damu ilitosha.

Maji badala ya bafa ni kosa kubwa kuliko linavyoonekana. Bafa ina chumvi, sabuni na asidi vilivyopimwa ili chembe zisinate ovyo. Ukiweka maji, zinaweza kunata penye T hata mtoto hana malaria, ukampa dawa asiyoihitaji huku homa yake halisi ikiendelea. Bafa ya boksi la kampuni nyingine nayo usiitumie, na matone yawe idadi iliyoandikwa. Damu ni maikrolita 5 tu. Ukizidisha, ukanda wote unakuwa mwekundu na T hafifu inajificha.

Pakiti ifunguliwe mgonjwa akiwa ameshakaa mbele yako. Unyevu ukiingia, kipedi kinaamka kabla ya kazi. Joto la juu ya lile lililoandikwa kwenye boksi, mara nyingi 30 au 40, huua kingamwili wakati dhahabu iko salama, kwa hiyo kaseti inaonekana nzuri kabisa huku haikamati kitu. Boksi lisikae chini ya bati wala nyuma ya pikipiki juani. La mwisho: HRP2 hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kupona. Usiitumie mRDT kuangalia kama dawa imefanya kazi. Hapo panahitajika hadubini.

Shikamooni. Naishi Arumeru, maji yetu yana floridi na meno ya watoto yana madoa. Nauziwa kichungi cha "nano" kinachozuia "hata virusi". Ninunue?

Marahaba. Virusi si tatizo lako, Mama. Bakteria ana nanomita 500 na kuendelea, virusi vingi ni 20 hadi 300, na ayoni ya floridi haifiki hata 0.3. Tundu la nanomita 10 litamzuia bakteria na virusi vingi, na floridi itapita kama dagaa kwenye nyavu ya sangara. Kuchemsha ndiyo kunaizidisha, maana maji yanapungua na floridi inabaki.

Floridi huondolewa kwa njia mbili: utando wenye matundu ya nanomita 1 na chini yake, unaohitaji pampu, au kitu cha kuivuta inate, kama mkaa wa mifupa unaofanyiwa kazi kwenye kituo cha Ngurdoto, au alumina. Nano inasaidia kwenye njia ya pili kwa sababu ileile ya sabuni ya mche: uso mwingi, nafasi nyingi za kunatia. Kichungi cha Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, kilichoshinda tuzo ya Africa Prize ya Uingereza mwaka 2015, kinaunganisha mchanga na vitu vya nano vinavyochaguliwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali.

Muulize muuzaji: kinashika kwa tundu au kwa kunata? Akisema kunata, lita ngapi kabla ya kujaa? Tupige hesabu ya mfano. Kilo 1 ya kishikio chenye uwezo wa miligramu 2 kwa kila gramu inabeba miligramu 2,000. Maji yenye miligramu 6 kwa lita, ukitaka yashuke hadi kikomo cha WHO cha 1.5, yanaacha 4.5 kila lita. Hiyo ni lita 444. Nyumba inayotumia lita 20 kwa kunywa na kupika itakijaza kwa siku 22. Kikijaa maji yataendelea kutoka safi, ladha ileile, floridi yote ndani. Asiyekupa idadi ya lita na cheti cha kipimo cha maji ya kwenu kabla na baada, mwache na kichungi chake.

Kuna anayepita mtaani kwetu Tabora na chupa za "maji ya nano ya fedha" kwa presha, sukari na vidonda vya tumbo. Anapiga tochi ya leza kwenye chupa, mstari unaonekana, anasema huo ndio ushahidi. Ni kweli?

Fedha huua bakteria, hilo ni kweli. Hutoa ayoni zinazoharibu ukuta na vimeng'enya vyao, na ndiyo sababu hupakwa kwenye vyungu vya kuchujia maji na kwenye baadhi ya bandeji za majeraha ya moto. Kuinywa ni habari nyingine. Presha na sukari hazina bakteria wa kuuawa, na fedha inayobaki mwilini hujikusanya ngozini na kuigeuza kijivu chenye buluu, hasa palipo na jua, wala haiondoki ukiacha kunywa. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitamka mwaka 1999 kwamba dawa za aina hii zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala kutibu.

Ile leza inaonyesha tu kwamba ndani ya maji kuna chembe za kutawanya mwanga. Haisemi ni za nini, ngapi, wala saizi gani. Tia tone moja la maziwa kwenye glasi ya maji, umwombe apige tochi yake hapo.